Panya wa Chumba cha Pili

4 Machi

Dada yangu mkunga,

Hujambo wewe na hayo magoti yako? Mimi mzima, nang'aa kama sufuria mpya. Ujue hapa maabara profesa mwenyewe hunisalimia kwanza, maana panya mia tatu weupe ninaowalisha wananijua mimi kuliko mama zao. Wa chumba kimoja wanarushiwa mawimbi kama ya simu, miaka miwili sasa, tuone kama yanaleta saratani. Wa chumba kingine hawarushiwi kitu. Mashine zinanguruma kote, ili tusijue kipi ni kipi. Tusijue! Mimi? Nimewachunguza wiki moja tu, nimejua. Ni chumba cha pili. Panya wake wamenyong'onyea, mmoja ana uvimbe shingoni kama njugu. Hiyo simu unayoshinda nayo sikioni, itupe.

Kaka yako, bingwa

19 Machi

Kaka,

Magoti yanakusalimu. Umenimaliza. Nina kiuvimbe nyuma ya sikio, sijamwambia mtu. Simu nimeizima, nimeifungia kabatini. Jana mama mmoja alinitafuta tangu asubuhi, akajifungulia sakafuni peke yake. Mtoto anapumua, lakini yule mama hanitazami. Nijibu kwa kweli: una hakika?

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa nimekuzidi umri. Leo unastahili.

Bahasha ya siri, iliyotaja chumba kinachorushiwa, ilifunguliwa Jumatatu mbele yetu sote. Chumba cha pili hakikurushiwa hata wimbi moja! Panya wangu walikuwa wazee tu. Wengine uvimbe huwaota wenyewe. Ndiyo maana wanafugwa wasiorushiwa, ijulikane wangapi wangeugua hata hivyo.

Nikamuuliza profesa, "Basi mawimbi hayana neno?"

Akasema, "Sijui bado."

Kila panya atakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vitazamwe kwa hadubini mwaka mzima. Dada, profesa yule ana vyeti ukuta mzima, na "sijui" alivyoitamka ungedhani anataja jina lake. Nilitaka kuvua kofia, nikakumbuka sina.

Nami sijui. Sikio lako silijui. Lipeleke kwa daktari. Simu iwashe, ukiogopa iweke spika uishike mbali, ila wanaozaa wakupate. Yule mtoto kuzaliwa sakafuni ni kosa langu. Nisamehe.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Tangu tuzaliwe sijakusikia ukisema hujui. Nimeisoma barua mara nne. Jana nilipokea mapacha, walinipigia mapema.

Alhamisi daktari anachukua kipande cha uvimbe, majibu baada ya siku kumi. Njoo. Usiniambie ni nini. Kaa tu karibu yangu, tusubiri.

Dada yako