Mstari Alioruka Haji

Muscat

Mdogo wangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Goti lako linaendeleaje, na hapo Jang'ombe mvua zimeacha kuingia ukumbini? Mie sijambo, nakula, nalala, ila mkono wa kushoto hauinuki kufika kichwani. Mtandio nafungwa na mke wa mwanangu.

Barua hii mpe ndugu yetu Haji aisome kwa sauti siku ya hitima ya marehemu mume wangu, watu wakishakula. Yeye ndiye msomaji wetu, ana sauti nzuri. Wewe kwanza ipige picha kwa simu, ukae ubavuni kwake ufuatilie. Akiruka hata neno, mrudishe.

Haya Haji, soma.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya kufiwa, nilipigwa picha ya matiti, mamografia. Majibu yalitoka nikiwa nimekaa eda, ukaenda kuyachukua wewe. Ulisimama mlangoni na bahasha, ukasema, "Dada, safi! Hakuna kitu." Nikakuombea dua, wewe na wanao.

Karatasi ilikuwa na mistari miwili. Nilipohamia huku kwa mwanangu nikaugua, niliambiwa nitafute vyeti vya zamani, na Mwanaidi akaikuta kabatini mwako, chini ya kanzu. Mstari wa kwanza: hakuna uvimbe ulioonekana. Wa pili: matiti yamejaa nyama nzito, aongezewe ultrasaundi.

Nakueleza taratibu, kama nilivyokufundisha hesabu. Kwenye mamografia nyama nzito hutoka nyeupe, na saratani nayo hutoka nyeupe. Ni kutafuta ushanga mweupe ndani ya mchele. Ultrasaundi hutazama kwa mawimbi ya sauti, na humo uvimbe mara nyingi huonekana mweusi. Hukosea pia: mwanamke hushtuliwa, akachomwa sindano ya kupima nyama, kumbe si kitu. Ningeshtuka, Haji. Ningelia siku mbili, nikanyamaza.

Hapa ndipo unapokohoa. Kunywa maji, endelea.

Nilipokupigia simu ulisema, "Nilikusitiri, dada. Watu wangesema mwenye eda anazurura." Sheikh gani alikwambia mwenye eda haendi hospitali? Hukumuuliza yeyote. Ulisitiri jina lako. Karatasi ililala miezi tisa chini ya kanzu zako, na miezi yote hiyo uvimbe unakua. Titi la kushoto wamelikata.

Wakikwambia "atakusamehe, wewe ni mdogo wake," wajibu kwamba nimesema sijasamehe.

Sasa nasikia Mwanaidi naye kapigwa picha, kaandikiwa maneno yale yale, nawe unamwambia, "Unajitafutia maradhi." Jumatatu utampeleka mwenyewe hospitali, kwenye ultrasaundi. Utakaa benchi moja na wanawake, umepakata mkoba wake, ule mwekundu wa shanga, mbele ya majirani. Wakikuuliza umefuata nini, waeleze habari ya mstari wa pili. Siku mkeo akiitwa kupimwa, utakaa tena.

Mwanaidi, nisalimie shangazi yetu. Mwambie halua aliyoagiza nshainunua. Nisalimie na wifi yangu, mke wa Haji, ambaye nadhani sasa hivi anamtazama mumewe.

Majibu yako yakitoka, nipigie. Bahasha mpe Haji aifungue niko kwenye simu, asome mpaka chini. Kisha umpe mwengine asome tena.

Dada yenu,
Zuwena