Msichana wa Tisa

Jumapili, Oktoba

Leo mama mkwe alikuwa anaosha wasichana wadogo miguu, lazima wawe tisa, kwa heshima ya mungu wa kike wa Wahindu, Kali. Waliofika hapa kwetu Pickering, ughaibuni, walikuwa wanane. Binti yangu Neema akavua soksi, akajipanga mwisho. Rangi amerithi kwangu, Mluhya wa Kakamega, si kwa baba yake Mhindi.

"Wewe kaa jikoni na mama yako," nyanya yake akamwambia, kwa Kiswahili chake cha Mombasa ili wageni wasielewe. "Utaharibu picha." Akaagiza mtoto wa jirani aletwe.

Kisha akawaeleza wageni picha ya Kali ukutani, ulimi nje, shada la vichwa vya watu shingoni. Eti Kali ni mweusi kwa sababu weusi humeza rangi zote. Wote wakamwinamia, mweusi tititi.

Mume wangu ndiye alikuwa anapiga picha. Aliendelea kupiga. Na mimi je? Nilikaanga vichapati vya puri.

Walipoondoka nilimkuta Neema bafuni, anasugua miguu kwa jiwe langu la visigino, ngozi imeanza kuchubuka.

"Mwakani itakuwa myeupe," akaniambia kwa Kiingereza.