Mchujo wa Ijumaa

Madrid, 14 Aprili 2003

Baba mpendwa,

Natumaini hujambo, na macho yamepunguza usumbufu. Mimi mzima. Jana nilishinda tena, kikombe cha tatu mwaka huu. Oighrig jirani kaniambia ulitazama gofu kwake Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kisha ukavaa kofia ukaondoka kama kawaida yako. Baba, mshindi hupatikana Jumapili. Miaka yote hii nashinda, nawe hujaniona nikishinda hata mara moja.

Julai mashindano makubwa yanachezwa Uskoti bara, ng'ambo ya kisiwa chetu. Vuka kwa meli, nitakusubiri bandarini Ullapool mwenyewe. Daktari amesema macho hayo hayana muda. Nione mara moja tu.

Mwanao,
Torcuil

Nis, 6 Mei 2003

Mwanangu Torcuil,

Salamu zimefika. Sijambo, ila mgongo. Tunakata udongo wa kinamasi, ule tunaoukausha kuwashia moto, na vijana wa siku hizi wanaukata kama keki ya harusi.

Sitakuja. Jumapili ni siku ya Bwana. Hapa hata nguo hatuaniki, sembuse kumtazama mwanangu akifukuzana na mpira. Na kwa kuwa hatujawahi kufichana, nikuambie: kila Ijumaa napiga magoti kuomba utolewe kwenye mchujo wa siku hiyo, unaowarudisha nyumbani walioshindwa, ili Jumapili ikukute umepumzika. Siombi uumie. Nakupenda sana, mwanangu.

Baba yako,
Murchadh

Edinburgh, 22 Septemba 2003

Baba,

U hali gani? Mimi mwili mzima, mengine sijui.

Tangu barua yako sijavuka mchujo hata mmoja. Ijumaa mpira unabaki hatua moja kutoka shimoni, mpira ambao Oighrig angeuingiza kwa ufagio, na mikono inaupeleka pembeni. Nakuona umepiga magoti. Dougie, aliyenibebea fimbo tangu ujana wetu, kaenda kwa mchezaji mwingine. Alisema, “Bosi, mimi nina watoto wanakula kila siku.”

Niambie umeacha kuomba vile. Sitaki kingine.

Mwanao,
Torcuil

Nis, 3 Novemba 2003

Mwanangu,

Hujambo? Anaandika Oighrig, mimi nasema. Macho yamekwisha.

Niliacha siku ileile barua yako ilipofika. Nikajaribu kuomba uvuke. Magoti nilipiga, mdomo ukakataa, maana ukivuka utacheza Jumapili. Siwezi, mwanangu. Sasa Ijumaa nanyamaza tu, na najua haikusaidii. Oighrig ananiita mzee mwenye kichwa kigumu, na hilo ameliandika bila ruhusa yangu.

Rudi nyumbani. Chumba chako tunakiwashia moto kila jioni.

Baba yako,
Murchadh

Nis, 12 Januari 2004

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Hujajibu. Oighrig anasema hawakutaji tena kwenye televisheni. Kama ni hasira, njoo unigombeze hapa hapa, nitakaa kimya. Mchana hapa mfupi, na kwangu umezidi kuwa mfupi.

Baba yako,
Murchadh

Glasgow, 8 Machi 2004

Baba,

Natumaini Oighrig anakusomea hii ukiwa mzima.

Nimeacha gofu. Huenda mikono ingechoka hata bila wewe, sitajua kamwe. Jana niliingia kanisani, mara ya kwanza tangu nitoke kisiwani. Nilikaa nyuma nikajaribu kukusamehe. Nilijaribu kweli, Baba. Haikuja, nikatoka kabla hawajamaliza kuimba.

Jumapili zangu zote sasa hazina kazi, kama ulivyotaka. Nyumbani siji.

Torcuil