Dalali wa Nyumba ya Kitandililo

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, unisaidie kabla ya Jumamosi. Mume wangu anaendesha lori la tajiri kwenda Zambia, kaniachia nitafute nyumba ya kununua hapa Makambako, na tangu biashara huria iruhusiwe kila mtu hapa ni dalali, mimi nikampata Basil, mpole, ananiita dada, anambeba mwanangu, nikamwamini kama ndugu, akanipeleka nyumba moja Kitandililo, akasema mwenye nyumba yuko Lupingu, kule ziwani, na haijakaliwa na mtu tangu mwaka juzi. Siku ya kwanza nikamwambia chumba cha nyuma kina upepo, mtoto atakohoa, tukafunga mlango tukaondoka, tuliporudi dirisha la chumba kile limezibwa kwa vitambaa na jikoni majivu bado ya moto, nikamnong'oneza kwamba kinachonitisha zaidi ni kaburi lenye msalaba nililoliona nyuma ya jiko, wiki iliyofuata msalaba haupo, pamesawazishwa, pamepandwa viazi, na juu ya matuta kuna maua mabichi. Maneno yale nilimwambia yeye peke yake. Nikamuuliza nani anatusikia humu. Akatabasamu, akasema, "Dada, mimi ni mtu wa mwenye nyumba, unayosema namfikishia. Hukuniuliza."

Tulipopanga wanatutoa mwisho wa mwezi, sina pa kumpeleka mtoto. Jumamosi nitie saini?

Somoe, Makambako

Somoe, mdogo wangu,

Pole. Ulichoka, ukaegemea bega lililokuwa karibu. Lakini umekosea. Kabla ya kumweleza dalali hata kikohozi cha mwanao, ungemuuliza nani kamtuma. Na yeye alipaswa kukwambia siku ile ile ya kwanza, mlangoni, kabla hujafungua mdomo. Kukuacha umwage ya moyoni ndipo ajitaje, huko ni kukuwinda.

Usisaini. Mngoje mumeo, mwende wote kwa balozi wa nyumba kumi, mtake muuzaji aje mwenyewe na ukoo wake, majirani wakisikia, waseme nani kalala pale kwenye viazi. Basil akipita kwako, mpe chai, usimpe neno. Mwenye chumba mlichopanga sasa mwombe akuongeze mwezi, kumwomba si aibu.

Mtu aliye Lupingu haachi majivu ya moto Kitandililo. Yuko mtu humo, amekubali kaburi lifutwe, na bado analipelekea maua. Huyo hajauza, mdogo wangu. Mtafute umuulize kama anataka kuondoka, na mpaka akujibu kwa mdomo wake, mwanao asilale humo.