Daftari Lenye Nafasi Moja

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba. Hapa Newala bibi yako hajambo, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza kwa nini programu yako ya lugha ya C, ulipoweka namba changamano, yenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, mahali pa namba ya kawaida, ilitupa hiyo ya kufikirika bila kulalamika. Mimi namba inayozidishwa kwa yenyewe ikaleta hasi moja siielewi kabisa. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ila kupotea huko nakujua. Enzi za Ujamaa nilikuwa karani wa kijiji. Mwanamke aliyekimbia vita Msumbiji alinitajia majina mawili: Nantima, la kwao ng'ambo ya Ruvuma, na Mama Rajabu, tulivyomwita hapa. Daftari la wakazi lilikuwa na nafasi moja ya jina. Nikaandika Mama Rajabu.

Miaka ikapita, mjomba wake akavuka mto akimtafuta Nantima. Jina hilo nilishalisahau; nikapekua kurasa zote, nikamwambia hayupo. Akaondoka.

Jioni Mama Rajabu alipanda kutoka bondeni na ndoo yake ya maji. “Karani, leo hakuna aliyeniulizia?”

“Hakuna,” nikajibu, na niliamini hivyo.

Wewe programu yako iandike upya.

Babu yako