Mstari Wenye Ukungu

Ulaanbaatar, 18 Novemba 2003

Baba mpendwa,

Mmeipokeaje baridi? Mama hajambo? Mifugo imeingia msimu ikiwa na mafuta mgongoni? Sisi huku ni wazima, moshi wa makaa tu ndio unatukaba koo.

Dereva wa lori la unga ameniambia kwamba hospitali ya wilaya imepata gari jipya la wagonjwa, na kwamba baada ya miaka thelathini na moja ya usukani, wewe ndiye uliyekabidhiwa ufunguo. Nimewatangazia gereji nzima, mpaka bosi akaniambia nirudi chini ya gari.

Lakini nakujua, Baba. Lile lori lako la Kirusi ulikuwa unalimwaga maji kila jioni, na asubuhi unalijaza maji ya moto kutoka jikoni kwa Mama. Hili usilimwage. Ndani ya rejeta lake mna kulanti, yale maji ya bluu yasiyoganda ovyo. Yakipungua, usiongeze maji ya moto. Tafadhali sana!

Nakutumia kifaa ninachokipenda kuliko vyote nilivyo navyo gerejini. Kinaingia kifuani mwa joho lako, na hakina betri wala waya. Unadondosha matone mawili ya kulanti juu ya kioo chake, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia kama kwenye darubini. Utaona bluu juu na weupe chini. Zinapokutana pana mstari, na mstari unaonyesha kulanti yako itaganda kwenye nyuzi ngapi. Pembeni kuna namba nyingine za kupimia maji ya betri. Mara ya kwanza nilipochungulia humo nilisahau kupumua. Matone mawili tu, na unaujua moyo wa gari!

Kwanza mwombe muuguzi Tsermaa yale maji anayochanganyia dawa za sindano, upime hayo na kuweka mstari kwenye sifuri. Pimia ndani, penye joto. Kwa baridi ya huko nataka usome hasi hamsini.

Binti yako,
Narmandakh


Bonde la Ider, 3 Desemba 2003

Mwanangu Narmandakh,

Unaendeleaje na huo moshi? Unakula nyama au unaishi kwa mkate? Sisi wazima, mifugo nayo inatembea. Baridi ni hasi thelathini na nane tu, bado inachezacheza.

Kidude kimefika kimefungwa ndani ya soksi. Nilipokitoa, Ganzorig alikuwapo, yule wa trekta ambaye daktari amemweka awe dereva wa akiba. Akasema, "Mzee Dugersuren, binti yako kakupeleka shule?" Nikamjibu, "Wewe nyamaza, unayekanyaga breki kama unakimbiza mbuzi." Akacheka. Ni mtu mwema, ila gari hajui.

Sasa nikuambie jambo na usinigombeze. Maji ya moto nilishaongeza. Birika mbili. Barua yako ilikuwa bado iko njiani na mkono ulikwenda wenyewe. Mama yako ndiye aliyenishikia taa, kwa hiyo ukigomba, utugombe wote wawili.

Nimepima kama ulivyosema. Nimesoma hasi ishirini na mbili, au labda thelathini na mbili. Mstari una ukungu. Betri nayo ni ukungu. Je, kidude kimepigwa na baridi njiani? Hata hivyo nakisifu. Maisha yangu yote nilikuwa nikiugusa mfuniko wa rejeta na kukisia, na watu wakaniita fundi. Wewe umesoma, mwanangu, ukapata kitu kisichokisia. Nimewaonyesha wazee dukani, nikawaambia ni cha binti yangu.

Nakunusa utosi, kama ulipokuwa mdogo.
Baba yako


Ulaanbaatar, 14 Desemba 2003

Baba mpendwa,

Hamjambo? Mama bado anarushia gari maziwa ya baraka linapoondoka? Mwambie asirushe kwenye kioo cha mbele, yanaganda.

Birika mbili! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Madereva wote wa zamani wanafanya hivyo, Baba, wiki hii peke yake nimepokea watatu, na mmoja wao injini imepasuka. Kwa hiyo sikugombi, ila usiku huohuo sikupata usingizi. Gari lako likizimika huko bondeni na mgonjwa ndani, hakuna gari la pili.

Nimempa dereva wa unga kulanti nzito, lita sita. Mwaga kiasi cha iliyomo, ujazie hii, mpaka iwe sehemu sita za kulanti kwa nne za maji. Usijaze tupu ukidhani ndiyo kali zaidi. Ikiwa tupu inaganda mapema kuliko iliyochanganywa, na hilo mimi mwenyewe sikuliamini mpaka nilipoliona kwenye kioo.

Ukungu si wa baridi. Futa kioo kwa kitambaa laini, kisha zungusha pete ya pale unapochungulia, polepole, mpaka mstari ukae sawa. Ukikaa sawa unakuwa mkali kama ukingo wa karatasi.

Binti yako,
Narmandakh


Bonde la Ider, 28 Desemba 2003

Mwanangu,

Sisi wazima. Tisa ya kwanza ya baridi, zile siku tisa kati ya themanini na moja, inakaribia kwisha. Hasi arobaini na moja.

Tumechanganya kama ulivyoagiza. Tsermaa amesoma: kulanti hasi hamsini, betri moja nukta ishirini na nane. Kuanzia sasa atakuwa anasoma yeye, maana mikono yangu imekuwa mizito na kazi za gari ni nyingi. Anasema mstari ni mkali sana.

Mama anakusalimu.
Baba yako


Ulaanbaatar, 6 Januari 2004

Baba yangu mpendwa,

Hujambo? Mama je? Nauliza, maana barua yako ilikuwa fupi na haikuwa na utani hata mmoja.

Nitakuambia wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusema wazi. Kidude ni kilekile na kioo ni kilekile. Tsermaa anaona mstari mkali. Wewe, nakujua, umefuta na umezungusha pete, na bado unaona ukungu, ndiyo maana umemwachia yeye asome. Baba, ukungu hauko kwenye kidude.

Nadhani ni mtoto wa jicho, ule utando wa uzee. Hapa mjini wanautoa kwa siku moja. Lakini wewe unaendesha gari la wagonjwa kwenye njia isiyo na alama, na jua la theluji likipiga usoni.

Ningeweza kumwandikia daktari wenu leo. Sitamwandikia. Nimekusifu maisha yangu yote kwa sababu hukuwahi kumdanganya mtu aliyepanda gari lako. Jambo hili nakuachia wewe.

Binti yako anayekupenda,
Narmandakh


Ulaanbaatar, 2 Februari 2004

Baba,

Dereva wa unga amepita mara mbili bila barua. Anasema kwenu baridi ilishuka mpaka hasi arobaini na saba na kwamba gari la wagonjwa lilitoka. Hajui zaidi. Niandikie hata neno moja. Kama nimekosea, nigombeze.

Narmandakh


Bonde la Ider, 9 Februari 2004

Mwanangu Narmandakh,

Hujambo, mtoto wangu? Hukukosea. Utaona herufi zangu zimekuwa kubwa, leo sifichi.

Nilijua tangu vuli. Nilimgonga mbuzi wa jirani nikasema alijitupa. Kidude chako nilikifuta mpaka kitambaa kikatoboka, na moyoni nilikuwa naomba kiwe kibovu. Barua yako niliikasirikia siku nne. Mama yako alinisomea tena kile kipande cha mwisho, akaniuliza, "Sasa utamdanganya nani, yeye au wagonjwa?"

Tisa ya nne ilipoingia, ikaja habari kwamba mke wa mfugaji mmoja, kule juu ya bonde, ana uchungu wa kuzaa siku ya pili. Ilikuwa asubuhi. Nilikaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, jua likinipiga, na mbele yangu pakawa maziwa matupu. Nikashuka. Nikamwita Ganzorig nikampa ufunguo. Akasema, "Mzee, mimi njia hiyo siijui." Nikamwambia, "Mimi naijua. Wewe ona, mimi nitajua."

Tukaenda hivyo. Nilimwambia kila kona kabla hajaifikia. "Sasa kuna jiwe kama ngamia aliyelala, umeliona?" "Nimeliona, mzee." "Pita kushoto." Mtoni nilimsimamisha, nikashuka nikaigonga barafu kwa fimbo, nikasikiliza, tukavukia juu zaidi. Injini haikukohoa hata mara moja. Tsermaa alikuwa amepima alfajiri, hasi hamsini, na mimi niliketi pale nikiwa na amani, jambo ambalo miaka thelathini na moja sikulipata.

Mtoto wa kike. Mama yake anatembea. Ganzorig bado ana breki za mbuzi, lakini ni dereva.

Tuliporudi nilimpelekea daktari leseni yangu, nikamwambia kwa nini. Nililia, nakuambia ukweli. Naye akaniandikia barua ya kwenda hospitali ya macho huko kwenu.

Nitapanda lori la unga, nifike tarehe kumi na saba, kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, Mwezi Mweupe. Njoo kituoni. Ukiniona, niite kwa sauti, mwanangu, usingoje nikuone.

Baba yako,
Dugersuren