Mashine Haiko Sombe

Mama Zaina,

Miye njo Masika. Usiseme hunijui. Niko naandika na mukono yangu mwenyewe, na kama herufi zinalala upande, uzisimamishe wewe, juu siku hizi huna kazi ingine. Masomo yangu iliishia kwa katekisimu. Bajukuu bangu ba Butembo balisema: Koko, utuambie tu maneno, sisi tuandike. Nilikatala. Maneno ya miye na wewe haiwezi kupita kwanza kwa kinywa ya mutoto.

Ninaanza na kukugombeza. Ulikufa vibaya. Sisemi ugonjwa, ugonjwa ni ya Mungu. Nasema ile mbio. Asubuhi ulikuwa unalalamika mugongo, na mbele jua iingie banaume balikuwa balishakubeba. Kwetu Bakatolika mutu analala kwanza ndani ya nyumba yake, tunamulilia, tunamuimbia, kisha bote tunamusindikiza mpaka kwa shimo, na kila mutu anatupa udongo na mukono yake. Kwenu nilifika ningali na kitenge ya shamba, nikaona jeneza iko naenda barabarani. Nikafuata. Dada yenu moja akanishika nguo: "Mama Masika, kwetu Baislamu banamuke hatufuate. Tunabaki na nyumba."

Donc nilibaki na nyumba. Nilikaa kwa mukeka karibu na masufuria yako. Mukono yangu ilikuwa juu ya magoti, haina kazi. Ile mukono ilizika mama yangu, ilizika Kambale bwana yangu, ilizika kitinda mimba wangu. Wewe haikukuzika. Ata fasi balikuweka sikuijua. Nikauliza, banasema: kule kwa makaburi yetu. Kule wapi? Kule.

Habari ya huku njo hii. Zaina wako anaketi kwa meza yako pale mutaa ya Beu, chini ya ile paraplui yenye ilipasuka. Chupa ya esanse ya pikipiki anazipanga sawa wewe, na bido ya plastiki nyuma. Basoda ba rébellion banapita bado, banajaza pikipiki na kuondoka na merci tu. Wewe ulikuwa unabaambia, "Mutoto wangu, mama yako angekuona hapa, ungekimbia ukiacha ata bunduki," na bamoja balikuwa banalipa kwa haya. Zaina hana bado ile kinywa. Anabatazama tu. Mais kutazama kwake kunaanza kukuwa kama kwako, nilikuona ndani yake wiki hii, nikageuza uso nikajifanya naangalia nyanya.

Sasa nikuambie mambo ya mashine, juu ya ile njo niko naandika.

Unakumbuka siku ya kwanza nilikuletea? Tulikuwa tunajuana tangu mwaka ya indépendance, sisi wawili bibi bapya, wewe juu ya lori ya bwana yako muchuruzi, miye kando ya barabara na muzigo ya mihogo, na ukaniambia panda. Mais biashara ya mafuta haikukuwa kati yetu mpaka Kambale alikufa akaniachia ile mashine ya kukata majani. Batu balicheka. Muke, tena koko, na mashine inalia kwa bega? Nikabaambia: majani ya paruasi ya bapadri haiulize nani anaikata. Nikachukua kazi ya bwana yangu, kukata kwa masomo, kwa dispensaire ya bagonjwa, na kwa lupango ya nyumba za batu ba makuta mingi. Sikuenda kukaa kwa mutoto Butembo. Sikuenda kuomba.

Mais nilikuwa naua ile mashine na upendo. Nilijua inakunywa esanse yenye mafuta ndani, kwa hiyo nilimwaga mafuta vile natilia mugeni mawese kwa sombe ya majani ya mihogo, mpaka ing'ae. Mashine ikatoa moshi nyeusi, ikakohoa kama muzee, buji ya kuwasha moto ikalowana, ikazima. Nikaibeba mpaka kwa meza yako nikikulaani wewe na esanse yako. Ulinusa tu kinywa ya bido. Ukasema, "Masika, nani alikufundisha? Mashine haiko sombe."

Kisha ulileta glasi ya chai. Ile ndogo yenye maua nyekundu, yenye ulikuwa unanipatia chai ya tangawizi. Ukasema, bido ya litre tano, glasi mbili ya mafuta. Ikipita, inakohoa. Ikipunguka, inakauka ndani, chuma inakula chuma, na siku ile utaibeba kama maiti. Ukatia mafuta kwanza na esanse kidogo, ukatikisa, ukajaza, ukatikisa tena kama mama anatuliza mutoto. Nikauliza, na ile glasi bado tutakunywa chai ndani? Ukasema, "Wewe, ndiyo. Miye nitachukua ingine."

Na mafuta ile ya kuchagua. Mafuta ya lori hapana, ile ni ya motere ingine, inabaki inashikamana ndani. Mafuta ya zamani yenye batu banamwaga kwa gari na kurudisha ndani ya chupa mupya, hapana, inanuka kuungua. Na ile yenye maji iliingia, ulikuwa na dawa yake: unaweka kifuniko ya sufuria juu ya mbabula ya makala mpaka ipate moto, unadondosha tone moja, unasikiliza. Mafuta muzuri inanyamaza, inatoa moshi yake pole pole. Yenye maji inaimba. Ulikuwa unasema, "Mafuta ya kuimba, rudishia mwenyewe aende kucheza nayo."

Usijifanye mutakatifu vilevile. Ule mwezi balifunga njia ya Kasindi kwa mupaka, hakuna lori, hakuna mafuta ya mashine ata tone, ni nani alisema tujaribu mawese? Wewe. Miye nilisema hapana. Ukasema, mafuta ni mafuta, Mungu ataelewa. Tukaenda kwa lupango ya paruasi, mashine ikawaka, na jirani bote bakatoka nje kuangalia nani anakaanga mikate. Padri alikuya na sahani. Ulicheka mpaka ukaketi chini kwa majani. Kisha ikashikamana ndani, tukaifungua vipande vipande na kuiosha na esanse siku nzima, na ulikuwa ungali unacheka. Ile kicheko miye niliisikia tena juzi, nikasimama njiani kama mujinga.

Sasa usikie vizuri.

Mbele ya siku yako ya arobaini, kaka yako Idrisa alikuya kwa meza ya Zaina. Miye nilikuwa pale. Akasema makaburi yenu imejaa majani, mvua hii imeipandisha mpaka kifua, na wakubwa ba basoda banasema kama haikatwe batachoma yote, juu batu banajificha mule. Batu ba siku ya kukusomea dua balishaitwa. Banaume na mipanga balianza upande moja, na nyuma yao majani inarudi. Akauliza Zaina kama anajua mutu mwenye mashine.

Nikasema, miye.

Akakohoa. Ni mutu wa heshima, haikukuwa kukohoa ya zarau. Akasema, "Mama Masika, utupatie mashine, kijana ataibeba." Nikamwambia mashine yangu haiendi bila miye, ina tabia yangu.  Kisha akasema, "Basi utakuya kama mufanyakazi. Hutakuya kama mwenye kulia." Nikasema, nimekubali. Nilisema na sauti kubwa ili Zaina asikie. Mama Zaina, balinikataza kukufuata, na sasa baliniita na njia ya mashine.

Mais mashine ni muzee. Kambale aliniambia, na wewe uliniambia: ikikauka mara moja ndani, hakuna chuma ingine hapa Beni ya kuiponyesha. Ikifia katikati ya majani, bataleta moto, na miye sitafika kwako tena. Kwa hiyo ile melanje ya esanse na mafuta ilipaswa kukuwa sawasawa. Niliogopa. Miye, Masika, niliogopa glasi mbili ya mafuta.

Zaina akatoa chupa mupya kutoka Uganda, mafuta ya rangi ya bluu. "Koko, hii ni ya kisasa. Glasi moja tu inatosha, imeandikwa kwa etiketi." Nikamwambia kwamba etiketi haijui mashine yangu. Yeye akajibu, "Na wewe haujui etiketi." Nikataka kumupiga kofi, kisha nikaona ni jibu yako kabisa.

Kisha akaenda nyuma, akarudi na chupa ingine, ya vumbi. Ilikuwa ya mwisho kwa stoki yako. Uliifunga wewe mwenyewe na karatasi ya nailoni na kamba, ile fundo yako ya kuvuta na meno. Zaina akaiweka mbele yangu.

Nilitaka ile. Nisikufiche. Nilitaka kuingia kwa makaburi na mafuta yako ndani ya mashine, wewe mwenyewe uninyoshee njia. Nilifungua fundo yako na meno yangu. Nikanusa, nikasikia pua yangu iko nadanganya, juu ilinuka meza yako, nguo yako, mikono yako. Nikamwambia Zaina: weka kifuniko kwa mbabula.

Akasema, "Koko, ni ya mama." Nikasema, weka.

Nikadondosha tone.

Mama Zaina, iliimba.

Nikadondosha ingine upande ingine. Ikaimba tena. Mvua iliingia chini ya ile nailoni, wakati ulikuwa mugonjwa na hakuna mutu aligeuza chupa. Zaina akafunika uso na kitambaa. Miye nilikaa pale na chupa yako mukononi. Ningeitia juu ya huruma, ungesimama pale ulipo unitukane kwa Kiswahili na kwa Kinande, mbele ya bamarehemu benzako bote. Kila kitu naijua juu ya mafuta ulinifundisha wewe, na kitu ya kwanza ile elimu ilinilazimisha kufanya bila wewe ni kukatala mafuta yako.

Nikaifunga tena. Iko kwa nyumba yangu, juu ya kabati, karibu na Bikira Maria, na basiniulize.

Nikachukua ile ya bluu. Kwa kifuniko ilinyamaza. Kuhusu kipimo, nilisikiliza Zaina mpaka mwisho, kisha nikatia glasi mbili. Ile mashine ilizaliwa na glasi mbili, haijasoma, sawa miye. Moshi kidogo haiuwe mutu, kukauka njo kunaua. Nilipima na glasi yako ya maua. Nilitikisa mpaka bega iliuma.

Kwa makaburi, banaume balisimama mbali na mipanga yao. Nilivuta kamba mara ya kwanza, kimya. Moja yao akasema, "Koko, tukuitie muganga?" Nikamwambia aite bibi yake amufunge mukaba, juu suruali inaanguka. Nikavuta tena. Ikawaka. Moshi nyeupe kidogo, kisha safi, na sauti ikakaa sawa, haikukohoa. Nikaanza kukata.

Nilikata siku nzima. Sikuuliza uko wapi. Mufanyakazi haulize. Idrisa alikuwa anatembea mbele yangu anaonyesha mawe ili nisiyapige, na alasiri akasimama fasi moja yenye udongo ingali nyekundu, akapandisha fimbo yake, akasema, "Hapa pole pole, Mama Masika."

Nilienda pole pole. Nilizunguka bila kukugusa na kisu ya mashine, upande ya kichwa, upande ya miguu. Nilipomaliza nikazima. Kimya ikaniingia masikioni. Majani mengi yenye nilikata ilikuwa imeruka juu yako, ilikufunika kama mutu alilala shambani. Na usafi ni sehemu ya kazi. Nikapiga magoti nikaanza kuyaondoa na mukono, kidogo kidogo, na udongo yako ilikuwa na maji ya mvua, ikaingia chini ya makucha yangu. Mahali mvua ilikuwa imechimba nikajaza na kiganja, nikapapasa.

Idrisa aligeuza uso akaangalia barabara. Aliangalia barabara mpaka nikasimama.

Sikulia. Nilikubali kukuya kama mufanyakazi, na miye neno yangu ni moja. Nililia kwa nyumba, nikiosha mikono, na sikuiosha vizuri.

Sasa nalala, Mama Zaina, mafuta ya taa iko naisha. Lala na wewe. Musimu yote yenye majani inapanda, na miye niko na magoti, nitakuya na mashine kwa bega, bawe rébellion gani, bafunge njia gani. Zaina ninamufundisha kusikiliza kifuniko, na yeye ananisomea etiketi. Siku miye nitashindwa kuvuta kamba, yeye atakuya, na kama banaume banamukatalia nitakuya nimeshikwa mukono kubaeleza.

Glasi mbili. Sitazidisha.

Wasingya, aksanti kwa chai.

Masika wako